Seti ya floreti ya umeme baada ya miezi tisa Lubumbashi

Seti ya floreti ya umeme, silaha ya mchezo wa upanga, niliyomnunulia binti yangu ilitufikia Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, mwezi wa Machi, ndani ya sanduku refu la karatasi ngumu lililozungushiwa utepe mara tatu, na tangu siku hiyo hadi leo, Desemba, mvua zikiwa zimeshika kasi, kwa kawaida imetumika mara nne kwa wiki. Nimeona niandike juu yake kwa sababu kabla ya kulipa nilitafuta maoni ya mtu aliyeitumia seti kama hii katika mji ambao vifaa vya mchezo huo haviuzwi, nikakosa. Maoni yote niliyoyapata yalikuwa ya watu wa Ulaya, ambao springi ikilegea hupanda tramu na kwenda kununua nyingine kabla ya chakula cha mchana. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asinisubiri: floreti yenyewe ni silaha nzuri ambayo mtoto anaweza kukua nayo, maski ni imara lakini haitoshi kwa mashindano, na maneno "seti kamili ya mashindano" yaliyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji hayastahili, kwa kuwa sandukuni mlikosekana vitu ambavyo bila hivyo hakuna mwamuzi angemruhusu mchezaji kuanza pambano.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, ambao sisi huuita eskrimu kwa kufuata Kifaransa, silaha zake ni tatu: epe, sabri na floreti. Floreti haizidi sentimita 110 kwa urefu wake wote, na uzito wake hauna budi kuwa chini ya gramu 500. Hugusa kwa ncha peke yake, na mguso huhesabiwa ukitua kwenye kiwiliwili tu, pamoja na sehemu ya kitambaa cha maski iliyo chini ya kidevu. Ukitua mkononi au mguuni, pambano husimamishwa na hakuna anayepata kitu. Zaidi ya hayo kuna haki ya kushambulia, maana wachezaji wawili wakigusana kwa pamoja, pointi humwendea yule aliyeanza shambulio kwa kunyoosha mkono, au yule aliyekinga kwanza ndipo akajibu. Ndiyo maana mchezaji wa floreti, taa mbili za mashine ya kuonyesha miguso zikiwaka, uso wake humgeukia mwamuzi badala ya mpinzani.

Binti yangu alijifunza hayo Bruxelles, alikokaa kwa shangazi yake tangu alipokuwa na miaka 10 hadi alipotimiza 14. Alirudi nyumbani na glavu moja iliyokwisha kumbana, pamoja na nia ambayo mimi na mama yake tulidhani ingepoa kabla ya kiangazi. Haikupoa. Anafundishwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyecheza floreti alipokuwa mwanafunzi Ulaya, na mahali pa mazoezi ni sakafu ya saruji katika parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ambapo tumechora kwa chokaa njia ya mita 14, urefu ule ule unaotumika katika mashindano yoyote duniani. Upana tuliupata kwa shida kidogo, kwa sababu ya mwembe.

Nianze na bapa, kwa maana hapo ndipo fedha yetu ilipokaa vizuri. Mabapa ya floreti huuzwa kwa namba, kuanzia 0 ya watoto wadogo hadi 5 ya watu wazima, yenye sentimita 90. Tulichukua namba 5, ya chuma kiitwacho marejingi, ambacho kina nikeli nyingi na kaboni kidogo sana, na ambacho ufa ukianza ndani yake hutambaa polepole kuliko katika chuma cha kawaida. Bei yake ni kubwa, na nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuchagua lile la bei nafuu. Mzee alinikataza kwa upole, akanieleza habari ya Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa floreti wa mwaka 1980, ambaye mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, bapa la mpinzani wake lilivunjika na kipande chake kikapenya maski yake. Alifariki kutokana na jeraha hilo. Baada ya ajali ile kanuni za chuma, za wavu wa maski na za kitambaa zilikazwa sana. Nililipa bila kuuliza tena.

Miezi tisa baadaye bapa hilo halina ufa wala halijapinda vibaya. Kanuni inataka bapa likining'inizwa uzito wa gramu 200 karibu na ncha lishuke kati ya sentimita 5.5 na 9.5, letu tulilipima Machi na tukalipima tena Novemba, na mara zote mbili lilishuka sentimita 7 na kitu. Kasoro pekee ni kutu nyepesi iliyojitokeza karibu na sahani ya kukinga mkono mara mvua zilipoanza. Hilo ni kosa letu, kwa maana floreti ililala ndani ya mfuko pamoja na glavu yenye jasho. Sasa hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya mashine ya kushonea na kutundikwa ukutani. Mpini ni wa mtindo wa bastola, unaojaza kiganja vizuri. Wachezaji wengine hupenda mpini mnyoofu wa Kifaransa, lakini mtoto aliyezoea mmoja si vyema kumbadilishia.

Upande wa umeme ndipo seti ilipotupa elimu na usumbufu kwa kipimo kimoja. Mnamo Agosti, jioni moja, binti aliniita akasema: "Baba, taa nyeupe inawaka hata sijagusa kitu." Nilidhani kisanduku cha taa kimeharibika, nikawa tayari kukasirika. Mzee alinieleza kwamba floreti ina desturi yake: mkondo wa umeme hupita wakati wote ncha ikiwa huru, na ncha ikibonyezwa mkondo hukatika. Mashine ikiona mkondo umekatika huku ncha ikiwa juu ya koti la metali la mpinzani, huwasha taa ya rangi, nyekundu au kijani. Ikiona umekatika pasipo koti hilo, huwasha nyeupe. Kwa hiyo waya uliokatika mahali popote, ndani ya bapa, ndani ya mkono wa nguo au kwenye plagi, mbele ya mashine ni sawasawa na mguso uliotua nje. Katika epe mambo ni kinyume: waya ukikatika, taa haiwaki kabisa.

Nilipeleka floreti na waya wa mwilini, ule unaopita ndani ya nguo kutoka kwenye silaha kuelekea mashine, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kwenye soko la Kenia, mtaa mwingine wa Lubumbashi. Alivitazama kama mtu aliyeletewa mkuki, kisha akachukua kipimo chake cha umeme na ndani ya dakika kumi akanionyesha mahali palipokatika. "Papa, huu ni waya wa kawaida tu, umekatikia ndani, karibu na plagi." Akauunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akalipwa, tukarudi. Naieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo faida kubwa niliyoipata: sehemu nyingi za floreti ya umeme anaweza kuzishughulikia fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu, mradi mwenye floreti amweleze kwamba mzunguko wake umefungwa wakati wa kupumzika. Asipoelezwa hivyo, atautafuta ubovu usiko.

Lililotushinda ni ncha. Ndani ya kitufe cha nchani mna springi ndogo inayopaswa kuinua uzito wa gramu 500, na mwamuzi huipima mbele ya wachezaji wote kabla ya pambano. Kitufe kikishindwa kuinuka, silaha hukataliwa. Tulimwomba msudeli wa jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, atukatie kipande cha chuma na kukitoboa katikati, tukakipima kwenye mizani ya mwokaji mikate hadi kikafika gramu 500, na chombo hicho cha kienyeji kimekuwa kikifanya kazi tangu hapo. Springi ya kwanza ilichoka mwezi wa tano. Kitufe chenyewe hushikiliwa na skrubu mbili ndogo mno, moja kila upande, na tulipozifungua ili kubadilisha springi, moja ilianguka kwenye saruji tusiione tena. Sandukuni hamkuwa na skrubu ya akiba wala springi ya akiba. Kwa kitu cha senti chache floreti ya thamani ile ilikaa ukutani siku 19, tukisubiri ndugu aliyekuwa akisafiri kutoka Bruxelles. Hapo nakiri kwamba nilimlaumu muuzaji kwa maneno ambayo sitayaandika.

Koti la metali, lile linalovaliwa juu ya koti jeupe ili mashine itambue mguso wa haki, limevumilia kuliko nilivyotarajia. Adui zake ni jasho na mikunjo. Vumbi jekundu la Julai linaondoka likipigwa kwa mkono, lakini chumvi ya jasho hula nyuzi za metali na kuacha madoa, hasa chini ya kwapa la mkono unaoshika silaha. Tunaliosha kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kulikamua, na kulianika kivulini kwenye henga. Kanuni inasema kati ya sehemu mbili zozote za koti ukinzani wa umeme usizidi omu 5. Kijana wa Kenia alilipima mwezi uliopita, akakuta sehemu moja tu ya kwapani ndiyo imevuka. Kwa mazoezi linafaa bado mwaka mzima.

Sasa maski. Wavu wake ni mgumu na hauna tundu lililolegea, na kichwani inakaa sawa hata kwa msichana aliyesuka nywele, jambo ambalo watengenezaji hawalifikirii mara nyingi. Lakini kitambaa chake cha shingoni ni cha kawaida, wakati katika floreti ya leo sehemu ya kitambaa hicho iliyo chini ya kidevu imekwisha kuingizwa katika eneo la mguso, na hivyo hushonwa kwa nyuzi za metali na kuunganishwa na koti kwa waya mfupi wenye vibanio. Maski yetu haina nyuzi hizo, na waya huo haukuwemo. Hakuna mashindano yoyote makubwa ya floreti ambamo ingekubaliwa. Kwa mazoezi ya nyumbani haina shida, ila mtoto anazoea vibaya: anajifunza kwamba mguso wa shingoni si kitu, na siku atakapokutana na mtu mwenye maski kamili atajikuta amepoteza pointi mbili tatu kabla ya kuelewa.

Koti jeupe lililoletwa ni la nguvu ya nyutoni 350, kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia kutobolewa, na ile nusu koti ya ndani inayokinga kwapa ni ya nyutoni 800. Kwa klabu nyingi na mashindano ya chini hilo linakubalika. Kwa mashindano ya shirikisho la kimataifa koti lenyewe pia linatakiwa liwe la 800, na maski iwe ya 1600. Kikinga kifua cha wasichana kilikuwa cha plastiki tupu, ilhali kanuni za sasa za floreti zinataka upande wa nje ufunikwe kwa sponji laini, ili ncha isiteleze juu ya plastiki bila kuandikisha mguso. Muuzaji, na hapa nampa haki yake, alijibu barua yetu siku ya pili, akakubali kwamba kifuniko hicho kingepaswa kuwemo na akakituma bila malipo, ingawa nauli ilikuwa yetu.

Suruali na glavu sina la kusema juu yake. Ni nzuri.

Tulilipa euro 340 kwa seti, na dola 96 za kuisafirisha na kuitoa, na katika bei hiyo kulikuwa na floreti moja na waya wa mwilini mmoja. Kanuni inamtaka mchezaji aje na silaha mbili zilizo sawa na nyaya mbili, na anayekuja na moja huadhibiwa kabla hajapiga hatua. Seti yenye kimoja kimoja, basi, inafaa kuitwa seti ya kuanzia. Sandukuni mlikuwa na picha ya msichana aliyeinua mkono jukwaani, na chini yake maneno ya kumwahidi mnunuzi kwamba safari ya ubingwa inaanzia hapo. Nimejaribu kuipima ahadi hiyo kwa safari za watu tunaowajua.

Lee Kiefer wa Marekani alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 18, akatoka wa tano. Akarudi Rio 2016 bila medali. Dhahabu aliipata katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na akaitwaa tena Paris 2024, sehemu ya safari hiyo akiwa pia mwanafunzi wa udaktari. Valentina Vezzali wa Italia alipata medali ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki tano mfululizo, kuanzia fedha ya 1996 hadi shaba ya 2012, na katikati dhahabu tatu zilizofuatana. Barani kwetu, Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alitwaa fedha ya floreti London 2012, Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huu, na Ines Boubakri wa Tunisia akapata shaba Rio 2016, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo. Picha ya Boubakri imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la binti yangu. Njia za watu hao ni za miaka 15 au 20, na katika muda kama huo mchezaji huvunja mabapa mengi, huchakaza makoti, na hubadilisha springi asizozihesabu. Kitu cha sandukuni ninachokiona kikimfikisha binti yangu mbali ni sahani ya mkono na mpini, maana hivyo haviozi. Vilivyobaki ni matumizi ya kila mwaka, na mzazi anayenunua avipigie hesabu hivyo.

Kuna habari nyingine ambayo mzee hupenda kuisimulia, na nimeiweka hapa kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nijutie mpangilio wa manunuzi yangu. Vezzali anatoka Jesi, mji mdogo wa Italia wenye watu kama 40,000, ambao umetoa pia mabingwa wa Olimpiki Giovanna Trillini na Elisa Di Francisca, wote wa floreti. Mwalimu aliyeanzisha mchezo huo pale, Ezio Triccoli, alijifunza eskrimu akiwa mfungwa wa vita katika kambi ya Zonderwater, Afrika Kusini, wakati wa vita vya pili vya dunia, kisha akarudi kwao na kuanza kuwafundisha vijana. Kutoka Lubumbashi kwenda Zonderwater ni safari ya barabara tu, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kuendelea kusini. Mtu aliyejifunza kambini hakuwa na seti kamili ya chochote, lakini bila shaka alikuwa na mtu wa kusimama mbele yake.

Hicho ndicho tulichokikosa. Kwa miezi miwili ya kwanza binti yangu alikuwa na floreti ya umeme, koti la metali na kisanduku cha taa, na hakuwa na mpinzani, kwa sababu kaka yake hakuwa na maski. Alichoma mto uliotundikwa kwenye mwembe. Ningekuwa naanza upya leo, kwa fedha ile ile ningenunua floreti nne za kawaida zisizo na umeme, maski nne na nusu koti nne, niwaweke watoto wanne wa mtaa wakabiliane chini ya macho ya mzee, ambaye huziona taa zote bila waya. Na mambo ya umeme ningeyaacha kwa mwaka wa pili. Tumekwisha kufanya nusu ya hayo. Tangu Juni wamekuwa watano, na vilio vya "en garde", yaani jiwekeni tayari, vinasikika hadi kwa jirani, ambaye mwanzoni alikuja kuuliza kama kuna ugomvi.

Kwa anayeamua kuinunua seti hii pamoja na yote niliyoyasema, nashauri aongeze katika agizo lile lile: springi kumi, skrubu za ncha ishirini, vitufe viwili vya akiba, bisibisi yake maalumu, waya wa mwilini wa pili, na utepe wa kuzungushia sentimita 15 za mwisho za bapa, kwani bila utepe huo upande wa bapa ukigusa koti la metali pamoja na ncha iliyobonyezwa, mguso wa haki unaweza usiandikishwe. Vyote hivyo havifiki uzito wa nusu kilo. Amwambie pia muuzaji, kwa maandishi, kwamba anataka maski yenye kitambaa cha metali shingoni na waya wake, hata kama tangazo linasema imo.

Agizo letu la pili limeondoka wiki iliyopita. Humo mna floreti ya pili ya binti yangu na maski ya kaka yake, na skrubu zimeombwa hamsini. Kopo la maziwa la kuzitunzia liko tayari juu ya kabati.